Fundi wa Uani

Pikipiki yangu ilikuwa na tabia ya kuzimika mbele ya watu. Usiku Jangwani hakuna mtu, haizimiki. Ikazimika Mtaa wa Congo, saa tano asubuhi, wamachinga wametandika biashara hadi kwenye lami.

"Mzee, unanizibia wateja!"

"Vuta choki!"

"Mafuta hayo yameisha, mjomba!"

Ushauri ndiyo bidhaa pekee Kariakoo isiyo na bei. Nikafungua kifuniko cha tangi, nikachungulia: mafuta nusu tangi. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka. Nikaondoka kwa madaha kama mtu aliyejua alichofanya.

Wiki nzima mchezo ukawa huo. Dakika kumi na tano inakwenda vizuri, kisha inakohoa, inazimika. Siku moja iligoma kabisa Msimbazi, nami kwa hasira hata tangi sikulifungua. Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nikisukuma chuma cha zaidi ya kilo 100 juani, nilijiona ndiye niliyesahauliwa walipopewa ruhusa ya kurudi makwao.

Kuipeleka kwa fundi ni hela. Isitoshe, nilishawahi kubadilisha oili peke yangu na pikipiki ikaishi, kwa hiyo nikajihesabu miongoni mwa mafundi.

Nikaanza na plagi. Ilikuwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, yaani nzima. Plagi mgonjwa huwa na masizi meusi au imelowa. Lakini mtu ameshavaa nguo za kazi, utamwambiaje kwamba hakuna kazi? Nikaenda duka la spea.

"Unataka orijino au ya kawaida?"

"Kuna tofauti gani?"

"Orijino elfu nane, ya kawaida elfu tatu."

"Najua, lakini tofauti yake nini?"

"Si elfu tano hiyo, braza?"

Nikachukua orijino. Ikazimika vilevile, safari hii kwa gharama.

Jumamosi nikashusha kabureta. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, moja ya chache zilizobaki chini ya maghorofa, na uani ni pa wote: bomba moja, kamba za nguo, kuku, na mama mwenye nyumba na jiko lake la vitumbua. Nikaazima sinia lake la pilau, nikapanga vyuma. Aliponusa petroli alibeba jiko lake la mkaa mpaka mlango wa mbele.

"Mwanangu, ukitaka kuichoma nyumba sema, nitoe masufuria yangu kwanza."

Jeti, kile kijichuma cha rangi ya dhahabu chenye tundu ambalo hata sindano ya kushonea haipiti, kuku alikidonoa akidhani punje. Akakitema, akanitazama vibaya. Nikasafisha, nikapuliza, nikafunga. Ikabaki skrubu moja. Nikaitia mfukoni kama mtu anayeficha ushahidi.

Nikaiwasha, nikavuta mafuta mpaka majirani wakafunga madirisha. Ikanguruma, ikakohoa, ikazimika. Nikafungua kifuniko. *Fyuuu!* Tangi likavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikafunga, kiki, ikawaka.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama na kopo la maziwa, akilitoboa kwa msumari.

"Hivi mbona kila ukifungua hapo ndipo inawaka?" Akainamisha kopo, maziwa yakadondoka tone, tone. Akapiga tundu la pili upande wa pili, yakamiminika. "Tangi lako linapumulia wapi?"

Nikanyamaza, maana jibu nilikuwa nalo. Wakati wa masika maji ya mvua yaliingia kwenye petroli. Nikaona kitundu kidogo kwenye kifuniko, nikakiziba kwa gundi ya gasketi, nikajipongeza. Kumbe ndipo tangi linapovutia hewa. Pikipiki yangu haina pampu, petroli inashuka kwa uzito wake. Hewa isipoingia juu, chini hakitoki kitu. Kila nilipochungulia mafuta nilikuwa naitibu pikipiki bila kujua.

Nikaomba ule msumari, nikakwangua gundi. Dakika moja.

"Fundi angekutoza ngapi?" akauliza. Nikataja. Akanyoosha mkono.

Nikalipa, na sinia nikaliosha kwa sabuni, majivu na ndimu, mara nne. Ijumaa alipakua pilau. Mjukuu wake alitafuna tonge la kwanza taratibu, akanigeukia mimi, akauliza kama leo tumepikiwa sheli.