Shangazi wa Gereji Ajibu: Gari Linalotaka Kupumua kwa Jicho

Wiki hii nimepokea barua nne kutoka mtaa wa Ngagara hapa Bujumbura na ng'ambo ya mto Ntahangwa. Nilizisoma moja moja, nikacheka moja moja, na nilipofika ya nne nikaacha kucheka: zote zinahusu gari lile lile. Waandishi wenyewe hawajui kwamba wenzao wameandika. Nawajibu kwa zamu, halafu mtapatana huko huko nyumbani.

*Shangazi, salamu nyingi. Nina Toyota Altezza niliyoagiza Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Inajikokota. Kwenye simu nimeona vijana wa nchi za nje wanang'oa taa moja ya mbele na kuweka mdomo wa kuvutia hewa mahali pake, gari linapata pumzi. Nami nimeng'oa ya kwangu. Bomba nimelitengeneza kwa paipu ya plastiki ya maji taka (mpya, usishtuke). Mbona sioni tofauti?*
*Pumzi Fupi, Kartiye ya 4, Ngagara*

Mwanangu Pumzi Fupi,

Nikupe kwanza haki yako: wazo lenyewe si la kipumbavu. Mwaka 1964 Ford walitoa magari 100 ya Fairlane yaliyopewa jina la Thunderbolt, yenye injini ya lita 7. Taa zake mbili za ndani ziliondolewa, matundu yakawekewa wavu, na mabomba mawili manene yakapeleka hewa ya nje hadi kwenye kabureta. Ila kuna mambo mawili uliyoyapita mbio. Fairlane ilizaliwa na taa nne, kwa hiyo zilipotoka mbili zilibaki mbili. Tena lilikuwa gari la mashindano ya kukimbia mstari ulionyooka wa mita 400, si la kwendea sokoni jioni kununua ndagala. Hata wenye BMW za zamani za taa nne za duara, wakitaka kufanya mchezo huu, hung'oa ile ya ndani ya kumulika mbali, ya nje wakaiacha. Wewe ulikuwa na taa mbili, sasa una moja.

Tuje kwenye hesabu. Mwendo wa gari kweli husukuma hewa ndani ya bomba, lakini kwa nguvu ndogo mno. Ukienda kilomita 100 kwa saa, unaongeza mgandamizo wa hewa kwa chini ya nusu ya asilimia moja. Ukifika kilomita 200 kwa saa, bado hujafika asilimia 2. Na kwa kilomita 40 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mtaani kwetu kwa mtu anayekwepa mashimo, baiskeli na watoto wa watu, ongezeko halifiki hata moja kwa elfu. Altezza ya RS200 yenye gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. Kwa hesabu hiyo, taa uliyoing'oa haijakuletea hata mguu mmoja wa farasi.

Kinachoinyima pumzi Altezza yako ni mwinuko. Gari lilishushwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika lenyewe liko karibu mita 770 juu ya bahari, na Ngagara iko juu ya ziwa. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takribani asilimia 9 kuliko ile ya bandarini. Ukipanda barabara ya RN1 hadi Bugarama milimani, zaidi ya mita 2,000, umeshaacha nyuma karibu sehemu moja ya tano ya hewa hiyo. Farasi wako hawakuibwa na fundi, walibaki njiani wakati gari linapanda kuja kwetu.

Kuna faida moja ya kweli katika mchezo huu, nayo ni ubaridi. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10, uzito wake huongezeka kwa kama asilimia 3, na hewa nzito ndiyo injini inayoipenda. Gari lililosimama kwenye msongamano huku linavuta hewa iliyochemkia chini ya boneti linapoteza nguvu bure. Ila waliotengeneza magari wanalijua hilo kabla yangu na yako: fungua boneti uangalie, magari mengi yana bomba la plastiki linalotoka kwenye sanduku la filta na kwenda kuchungulia karibu na taa au ndani ya madigadi, kuliko na hewa baridi. Kama fundi wako wa mwisho alilitoa akalitupa, mwambie alirudishe. Dawa yako ni hiyo, na bei yake ni ndogo.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa huruma. Kilo 1 ya esansi huungua vizuri na karibu kilo 14.7 za hewa. Ukiongeza hewa, kompyuta ya gari inaongeza esansi, kwa sababu bila hivyo hakuna nguvu inayozaliwa. Sasa niambie, tangu foleni za esansi zianze, ni nani hapa Bujumbura aliyelalamika kwamba amekosa hewa? Waulize wanaolala kituoni wakilinda nafasi zao. Hewa wanayo, usiku kucha.

*Shangazi mpendwa, mimi huoka keki za harusi. Jumamosi nilifungua oveni nikakuta taa ya gari imelala kwenye trei yangu. Mwanangu anasema anataka kuifungua kioo. Je, ni uchawi au ni ufundi? Na keki zangu zitanuka?*
*Mama Keki, Ngagara*

Dada yangu Mama Keki,

Ni ufundi, ingawa umefanyika mahali pasipo pake. Kioo cha mbele cha taa za siku hizi ni plastiki ngumu, na taa nyingi zimebanwa kwa gundi nyeusi inayofanana na lami. Gundi hiyo hulegea ikipata joto la nyuzi 80 hadi 100. Mafundi huitia taa kwenye oveni dakika chache, wakaitoa na kuifungua taratibu kwa bisibisi bapa, kona baada ya kona, gundi ikivutika kwa nyuzi ndefu nyeusi. Mwanao, baada ya kuing'oa ile taa na kujuta, nadhani anataka kuifungua atoboe tundu la hewa pembeni na kuibakisha taa. Hilo ni afadhali. Lakini kuna taa zilizobanwa kwa gundi isiyolegea kwa joto lolote, na hizo ukizilazimisha hupasuka.

Keki yako huiva kwa nyuzi 180. Taa ikikutana na joto hilo itapinda, na mwanao atakuwa na taa iliyonuna milele. Kwa hiyo hatari kubwa iko upande wake, si wako. Hata hivyo harufu ya gundi na plastiki haina nafasi karibu na chakula cha watu. Osha trei, washa oveni tupu hadi harufu iishe, kisha mwandikie kijana ankara: bei ya keki moja ya ngazi tatu kwa kila taa itakayoingia tena humo. Akiona bei, atatafuta oveni mbovu ya kuweka nyuma ya nyumba.

Mwambie pia jambo hili: taa iliyofunguliwa ikafungwa ovyo huingiza unyevu. Msimu wa mvua utakapofika itakuwa na ukungu ndani, na kile kioo kinachong'aa kwa ndani kitaanza kuchubuka. Kuifungua ni dakika chache, kuifunga vizuri ni kazi ya siku.

*Shangazi, mimi ni mzee wa mtaa wa OCAF, nimeishi Ngagara tangu nyumba hizi zingali mpya. Kijana anayemposa binti yangu alikuja usiku na gari lenye taa moja. Nilidhani ni pikipiki, nikasimama katikati ya njia, ikanikosa kidogo. Na hiyo taa moja ilinipiga machoni mpaka nikashindwa kuona mlango wangu. Nimpe binti au nisimpe?*
*Mkwe Mwenye Mashaka*

Mzee wangu, pole sana.

Hukukosea. Gari lenye taa moja usiku husomeka kama pikipiki, na anayekuja mbele yake hajui ule upana mwingine uko upande gani. Ndiyo maana sheria za barabarani za karibu kila nchi zinadai taa mbili, na kwenye ukaguzi wa magari wa OTRACO hakuna atakayekubali kwamba ya pili imekwenda kuvuta hewa. Tena kijana ajihadhari na mjini: Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa katikati ya jiji. Askari wa usalama barabarani (PSR) akiona taa moja inakuja kutoka gizani ana kila sababu ya kusimamisha kwanza na kuuliza baadaye.

Ama kuhusu kupigwa machoni, hilo ni tatizo la jiji zima, na kijana ni mmoja tu kati ya wengi. Japani wanaendesha kushoto. Taa za huko zinapomulika karibu, mwanga wake haulali sawasawa: umeinuliwa kidogo upande wa kushoto ili uonyeshe ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Sisi tunaendesha kulia. Kwa hiyo ule mwanga ulioinuliwa unakwenda moja kwa moja kwa anayekuja mbele, na ukingo wetu wa kulia, anakopita mzee kama wewe, unabaki gizani. Waingereza, ambao nao huendesha kushoto, wakivuka kwenda Ufaransa na magari yao hubandika vibandiko kwenye kioo cha taa kukata kipande hicho cha mwanga. Sisi tunaongeza balbu za LED za sokoni kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida, mwanga unatawanyika kila upande, halafu tunashangaa kwa nini watu wanatutukana.

Dawa ya kweli ni taa za nchi zinazoendesha kulia. Zikikosekana, fundi aegeshe gari mbele ya ukuta, ateremshe mwanga kwa skrubu iliyo nyuma ya taa, na balbu irudi kuwa ile iliyokusudiwa.

Kuhusu binti, usimnyime. Weka sharti moja kabla ya kupanga siku ya mahari: posa isikilizwe kwa taa mbili.

*Shangazi, mimi ni fundi wa Buyenzi. Kuna kijana ananiletea Altezza kila wiki akitaka mdomo wa hewa penye taa. Nikikataa atakwenda kwa jirani atakayemharibia. Nifanyeje?*
*Fundi wa Ng'ambo ya Ntahangwa*

Ndugu yangu Fundi,

Mtengenezee, lakini mdomo uwe chini ya taa, pembeni mwa bampa, mahali pa taa ya ukungu ambayo hapa kwetu haina kazi. Hewa ni ile ile, na jicho linabaki.

Kata boksi la katoni ulipatie umbo, lizungushie utepe wa karatasi, ulipake nta, kisha ulaze juu yake vipande vya faiba na rezini, tabaka tatu au nne. Ikikauka, mwaga maji ndani, katoni italainika na utaivuta vipande vipande. Midomo ya bomba isiwe na kingo kali: izungushe nje, kwa sababu hewa hugoma kwenye kona. Upana wa bomba usipungue upana wa koo la injini mahali popote. Weka wavu mbele, na filta ibaki pale pale: vumbi letu husaga pistoni. Usiguse kabisa kile kipande cha bomba chenye sensa ya hewa. Kompyuta inajua upana wake, na ukiubadilisha itahesabu esansi vibaya.

Halafu maji. Walioona mafuriko ya Februari 2014 upande wetu wa kaskazini wa jiji hawahitaji kuelezwa mvua ya hapa ina nguvu gani. Maji hayagandamiziki. Injini ikimeza kiasi cha glasi wakati inazunguka, pistoni inapanda, inakuta ukuta, na konrodi inapinda. Kwa hiyo bomba lako lipande kabla ya kufika kwenye filta, na sehemu ya chini kabisa toboa tundu la upana wa kidole ili maji yatoke yenyewe. Kabla ya kumkabidhi kijana gari, injini ikiwa imezimwa, mwaga ndoo nzima kwenye mdomo, kisha fungua sanduku la filta. Karatasi ikiwa imelowa, anza upya.

Akisema anataka la mashindano, mkumbushe Toyota Celica zilizoshinda Safari Rally mwaka 1992, 1993 na 1994. Magari ya Safari ya miaka ile yalipandisha bomba la hewa juu kando ya kioo cha mbele ili yavuke mito bila kumeza maji, na kwenye pua yalibeba taa za ziada. Hakuna aliyefikiria kuzipunguza.

Hukumu yangu ni hii. Pumzi Fupi arudishe taa, fundi aweke mdomo kwenye bampa, mama alipwe keki yake, na mzee apishwe njia. Wiki ijayo nitajibu barua za ekzosi. Anayetaka gari lake lilie zaidi usiku aandike na namba ya nyumba yake, majirani wameniomba niwapelekee.