Sifa za Mtihani wa SAT

Kwa kuwa walimwengu hawakosi ulimi wa kuwasifu masultani, ambao aghalabu wamekwisha kujisifu wenyewe, nimeona ni insafu kukisifu kiumbe kisicho na wakili, yaani SAT, mtihani wa Marekani wa kuingilia chuo, uliokuwa bawabu wa Chuo Kikuu cha umma cha California tangu mwaka 1968 hadi 2020.

Tuanze na nasaba. Ulifanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926, na mlezi wake alikuwa Carl Brigham wa Princeton, ambaye mwaka 1923 alitoa kitabu cha kuyapanga mataifa kwa daraja za akili, na watu wa asili ya kaskazini mwa Ulaya, kwa bahati njema ya mwandishi, wakaangukia daraja ya juu. Mwaka 1930 aliyakana maandishi yake hadharani. Lakini mtoto hana dhambi za baba, na huyu alikwisha pata kazi.

Uadilifu wake hauna kifani. Kijana ambaye baba yake ni tabibu, na yule ambaye mama yake huvuna saladi katika bonde la Salinas, walipewa karatasi moja ya kupaka vijiduara weusi kwa penseli, wala mtihani haukumwuliza yeyote usiku alilala wapi. Hadi mwaka 2016, aliyejibu kimakosa alikatwa robo ya alama, ili fukara asijizoeze kubahatisha, ambako ni anasa ya wenye akiba.

Ukarimu je? Wenye mtihani walishikilia kwamba haufundishiki. Stanley Kaplan wa Brooklyn akaufundisha, na kutoka katika kauli hizo mbili ikazaliwa biashara kubwa, ambayo kwayo mzazi mwenye mali humnunulia mwanawe kile kisichonunulika.

Lakini fadhila iliyozipita zote ni hilimu. Shule zikikosa walimu na mitaa ikitengwa kwa bei ya nyumba, lawama hubebwa na karatasi. Mapema mwaka 2020 kamati ya maprofesa wa chuo chenyewe ilichunguza, ikaona kwamba alama zake zilibashiri masomo ya mwaka wa kwanza vyema kuliko alama za sekondari, ikashauri usiondolewe upesi. Wadhamini wa chuo wakaupokea ushauri kwa taadhima, na mwezi Mei wakapiga kura ya kuuondoa, bila hata mmoja kupinga. Mwaka uliofuata, suluhu ya kesi iliyokikabili chuo kuhusu mtihani huo ikafunga mlango kabisa.

Haukunung'unika. Umeondoka, na pengo kati ya mwana wa tabibu na wa mvuna saladi wa Salinas halikuondoka nao. Walimu wa kulipwa nao wapo, ila sasa hunoa insha za maombi. Kwa hiyo nawanasihi wadhamini waurejeshe, si kwa haki yake, bali kwa tahadhari ya hazina: serikali isiyokuwa na mtihani wa kuulaumu yaweza kulazimika, Mungu apishe mbali, kuzigharimia shule.