Magunia Matano ya Safari

Mahindi yakishapukuchuliwa, kukaushwa na kutiwa dawa, nyumba nyingi za Sumbawanga huanza mjadala wa fedha. Ada ya shule, mbolea ya msimu ujao, bati za kumalizia banda, deni la dukani. Mwaka ule niliongeza la kwangu: nikataka magunia matano yatengwe na kuuzwa peke yake, na fedha yake itupeleke sote Kalambo kuona maporomoko, kisha tuteremke Kasanga watoto wakaone ziwa. Mume wangu akaniuliza, "Kuna nani huko?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo tunavyosafiri. Mtu wa kwetu Katandala akionekana stendi na begi na watoto, wa kwanza kumwona atampa pole kabla hata hajamsalimu, kwa kudhani kuna msiba. Kama si msiba basi ni harusi, kipaimara, au mgonjwa aliyelazwa Mbeya. Watoto wangu walikuwa wanaijua barabara ya Laela mpaka Tunduma kwa nyumba za matanga. Nilimwambia Baba Watoto kwamba mtoto akisafiri kwa misiba tu atakua akidhani nchi yake yote ni uwanja wa makaburi ya ndugu zake. Alinyamaza. Kwake, kunyamaza ni nusu ya kukubali.

Nusu ya pili niliipata kwa hesabu. Hoteli za Zanzibar na za Kaskazini hushusha bei Aprili na Mei, masika yakipamba moto na watalii wakiwa hawaji. Ulaya nako nauli na vyumba huwa nafuu Septemba na Oktoba, shule zikiwa zimefunguliwa na majani ya miti yakianza kupukutika. Ufipa hatuna msimu wa punguzo uliobandikwa ukutani, lakini tuna kipupwe. Shule hufungwa Juni, mavuno yamo ndani, barabara za udongo zimekauka, na mito bado ina maji ya masika. Ukienda Februari utayakuta maporomoko yamejaa kweli, ila njia ya kutoka Matai kwenda Kapozwa itakuwa matope. Ukisubiri Oktoba njia ni nzuri, maji yamepungua. Kwa familia inayohesabu shilingi, dirisha ni hilo la Juni na Julai, na mwenye kulikosa asubiri mwaka mzima.

Tulipanga hivi: magunia mawili ya kukodi Noah ya jirani kwa siku mbili, moja la mafuta, moja la viingilio na chumba Kasanga, moja la chakula. Katavi tuliiweka kando kwa mwaka mwingine, kwani kule kunanoga zaidi kiangazi kikikolea, viboko wanapobanana kwenye vidimbwi vilivyobaki vya mto Katuma. Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni, na bado ukiuliza mtaani kwetu nani amefika Katavi kwa kutembea tu, utajibiwa kwamba shule iliwahi kupeleka wanafunzi. Hilo linaniuma. Vitu hivi ni vyetu, na sehemu kubwa ya gharama ni usafiri, ambao watu saba wakichanga unapungua.

Ubaya wa safari ya kipupwe ni kwamba watu wako nyumbani na wana vitu vya kutuma. Habari ilitoka kwangu ikafika sokoni Mazwi kabla ya jioni. Shemeji akaleta godoro la kupeleka Matai. Jirani wa upande wa pili akaja na jembe la ng'ombe na salamu. Mama yangu mzazi akatokea kutoka Laela bila kuitwa, na kiroba cha unga wa ulezi na kuku aliyefungwa miguu. Akasema amesikia tunakwenda kwenye maji na yeye hakubali kufa akiwa anahadithiwa tu. Kwa heshima ya ukwe, Baba Watoto akahamia kiti cha mbele kwa dereva na mama akapangiwa nyuma kabisa, na kwa kuwa nyuma kabisa kulikuwa kumekaliwa na godoro, jioni nzima ilitumika kupanga na kupangua.

Nilipika usiku. Chapati nilizifunga kwa kitambaa cheupe na kuku nikamkaanga mkavu ili asiharibike. Maharage nikayapika mazito, ya vitunguu na karoti, nikayatia kwenye hotipoti kubwa niliyopewa kwenye mgawo wa kikoba. Masweta ya watoto niliyakunja kwenye begi moja, maana Julai huku mtu hatoki nje alfajiri bila sweta. Tuko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi unaweza kumfanya mtoto agome kunawa uso.

Saa kumi alfajiri simu ya mama ikaita. Mjomba wake, mzee aliyekula chumvi nyingi, amefariki usiku kwenye kijiji kimoja jirani na Matai. Mazishi ni alasiri.

Hakuna aliyeuliza tufanye nini. Mume wangu alitoka kumwambia dereva, mimi nikaanza kutafuta kanga nyeusi, mama akakaa kwenye kigoda akalia kidogo, kwa sauti ya chini, kisha akafuta macho na kuuliza kama maji ya chai yamechemka. Mwanangu mkubwa, wa kidato cha tatu, alikuja jikoni akasimama mlangoni. "Mama, si ulisema hii si safari ya msiba?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimpa vikombe avipeleke barazani.

Barabara ya Kasanga ni lami, na ni zaidi ya kilomita mia moja kutoka mjini mpaka bandarini, kwa hiyo njiani hapakuwa na shida ya mashimo. Shida ilikuwa ng'ombe. Kundi lilikatiza ghafla, dereva akakanyaga breki, godoro likasukuma hotipoti, na hotipoti ikafunguka juu ya begi la masweta. Maharage yaliingia kila mahali: mikononi mwa masweta, kwenye mifuko, kwenye zipu. Mdogo wao akaanza kulia kwa ajili ya sweta lake la bluu, mama akamwambia alie vizuri kwa sababu tunakwenda msibani na machozi yatahitajika. Kuku wa Laela, ambaye alikuwa hai bado, akapiga kelele mpaka tukafika.

Tulishuka msibani na godoro, jembe, kuku, chapati na watoto waliovaa mashati mepesi kwenye ubaridi ule. Wanawake waliokuwa wanapika walitupokea kama mtu anavyopokelewa kwao. Chapati zangu zilikwenda kwenye sinia la wageni wa mbali, kuku mkavu akakatwakatwa akawatosha wazee, na yule hai hakuliona jua la kesho yake. Mtoto mmoja wa ukoo alivishwa koti la babu, mwingine kanga mbili. Baada ya mazishi nilikaa bombani na shangazi zangu wawili tukafua masweta kwa sabuni ya mche chini ya mwanga wa tochi ya simu. Maharage yakikauka kwenye sufu hayatoki kirahisi, inabidi uyachokonoe kwa ukucha tundu kwa tundu. Tuliyaanika karibu na moto wa waombolezaji, na pale ndipo nilipopata habari za ukoo ambazo sikuwahi kuzisikia: nani alihamia Zambia, nani alirudi, marehemu alivyokuwa akimbeba mama yangu mgongoni kuvuka mto. Lile la bluu lilisogea mno motoni, mkono mmoja ukaungua ukingoni.

Asubuhi nilikuwa nimekwisha kuiaga safari moyoni. Mama ndiye aliyeifufua. Alikwenda kwa wazee waliokaa chini ya mwembe, akapiga magoti, akawaeleza kwamba gari imelipiwa mpaka jioni, kwamba wajukuu waliahidiwa, na kwamba matanga yana watu wa kutosha. Akaomba ruhusa ya familia kuondoka na kurudi usiku wa kesho yake kabla ya kuanua tanga. Wazee wakashauriana. Mmoja wao akauliza tu kama kwenye gari kuna nafasi. Tukaondoka na shangazi mmoja na vijana wawili wa ukoo, na mjomba mwingine alimwongezea dereva debe la maharage kwa siku ya ziada, na dereva akaridhika.

Kapozwa ni kijiji cha mwisho. Pale unaingia kwenye hifadhi ya msitu inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, unalipa getini, unafuata njia kwa miguu. Sauti inatangulia. Kisha ardhi inakatika, na mto Kalambo, ambao juu yake ni mto wa kawaida tu wa kufulia nguo, unajirusha kwenye korongo kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200. Hiyo ni karibu mara mbili ya kimo cha maporomoko ya Victoria, ambayo dunia nzima inayajua. Maji hayafiki chini yakiwa maji. Yanapeperuka, yanakuwa ukungu, na mwanga wa jua unapita ndani yake. Kwenye kingo za miamba, ndege wakubwa aina ya marabu walikuwa wamesimama kama hawaoni ajabu yoyote. Ng'ambo, hatua chache tu kwa macho, ni Zambia. Shangazi alisimama akapiga kigelegele, akakumbuka msiba, akaziba mdomo. Mama akamwambia apige tu, marehemu alipenda vigelegele.

Watoto walishuka ngazi na baba yao. Mama, kwa ajili ya magoti, alibaki juu nami, na mwanangu mkubwa akakaa naye badala ya kushuka. Alimsomea kwenye simu yangu jambo walilofundishwa: kwamba juu kidogo ya maporomoko yale, upande wa Zambia, mtaalamu Desmond Clark alianza kuchimba miaka ya 1950 akakuta mbao za kale zilizohifadhiwa na udongo wenye maji, na kwamba mwaka 2023 watafiti walitangaza wamekuta magogo mawili, moja limechongwa pengo ili likae sawasawa juu ya jingine, kazi ya mikono, yenye umri wa miaka 476,000 au zaidi. Binadamu wa aina yetu ana miaka 300,000 hivi. Maana yake waliojenga pale walikuwa wametutangulia mbali. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka asomewe tena, polepole. Nimesoma vitabu na watoto wangu kwa miaka, na sijawahi kumwona huyu mkubwa akisoma kwa sauti ya namna ile.

Kasanga tulifika tumechelewa siku nzima, na chumba tulichokitangulizia fedha kilikuwa kimepewa wengine. Malumbano hayakusaidia. Mama mmoja muuza samaki alitupa mikeka na ukumbi wa nyumba yake, akakataa malipo, akakubali unga wa ulezi. Kutoka uwandani mpaka ziwani umeteremka karibu mita 1,000, na hewa inabadilika kabisa: masweta yale tuliyohangaika nayo hayakuvaliwa hata mara moja. Watoto walikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Tulikula mgebuka wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, wa jioni ile ile, na Baba Watoto, ambaye hasifii chakula, aliomba wa pili.

Usiku mwenyeji wetu aliwasimulia watoto habari za Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Miaka mingi ndiyo iliyowabeba watu wa mwambao ule kwenda Kigoma na Mpulungu, na yeye mwenyewe aliolewa akashuka nayo hapo Kasanga na masanduku yake. Kijana wangu wa kati alitaka kujua meli iliyokaa chini ya maji miaka minane ilipataje kuelea tena. Walijadiliana mpaka nikalala.

Hesabu ya magunia matano haikutosha. Siku ya ziada ilitula. Mama aliliona hilo kabla yangu. Alfajiri, kabla ya kurudi kuanua tanga, alishuka forodhani na kununua dagaa kwa bei ya mwaloni, akanunua na migebuka mikavu, akavijaza pale lilipokuwa godoro. Vilivyobaki baada ya kuwapa wafiwa aliviuza Mazwi kwa kisado, na fedha akamkabidhi mkwewe mbele yangu, kwa mikono miwili. Yeye akazirudisha nusu na kumwambia ziwe za Katavi, za Mama mwenyewe, aamue mwezi. Mama akachagua Septemba, wiki ile ya likizo fupi.

Majirani wawili wameshakuja kuomba namba ya dereva. Nimewashauri waende wakiwa familia mbili kwa gari moja, wasingoje Oktoba, waage wazee wao wote mapema, na maharage wayapike wakifika.