Namna ya Kumlaghai Kuyu kwa Manyoya ya Jogoo

Tuelewane mapema: trauti, samaki anayewatoa jasho wavuvi wa Ulaya na Marekani, hayumo katika mito yetu ya Ngara wala Biharamulo, Tanzania. Yeye hutaka maji baridi ya milimani, kama mito ya Mlima Kenya na Aberdare alikopandikizwa enzi za ukoloni. Sisi tuna Ruvubu na Kagera, na humo yumo kuyu, samaki mwenye nguvu anayekula wadudu, konokono na samaki wadogo. Mlafi wa aina hiyo hulaghaika. Fuata hatua hizi umfungie chambo cha manyoya.

1. Pata jogoo kwa njia ya halali. Usimkimbize wa mama mkwe. Subiri sikukuu achinjwe, kisha uombe manyoya ya shingo na mgongo kabla hayajamwagiwa maji ya moto. Chagua manne membamba, yanayolingana urefu. Kwa mwenye kanga wa kufugwa omba mawili madogo yenye madoa.

2. Chukua ndoano yenye shina refu, na ubane kijino chake kwa koleo mpaka kilale. Hatua hii usiiruke. Sababu yake inakuja.

3. Usisingizie kukosa jiliwa ya kushikilia ndoano. Carrie Stevens, mshona kofia wa Maine, Marekani, alifunga vyambo vyake kwa vidole vitupu. Tarehe 1 Julai 1924 alijaribu kimoja pale Upper Dam, akanasa trauti wa zaidi ya kilo 3. Baadaye Gray Ghost, chambo alichokibuni mwenyewe, kikawa maarufu duniani. Vidole unavyo.

4. Zungushia shina uzi wa cherehani wa rangi ya chungwa, kutoka nyuma hadi karibu na tundu la kufungia mshipi. Juu yake pitisha ukanda mwembamba wa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, mizunguko iachane. Huo ndio mng'ao wa magamba.

5. Chini ya shina, karibu na tundu, funga singa chache nyeupe za mkia wa mbuzi. Chache! Ukijaza, utakuwa umetengeneza ufagio.

6. Panga manyoya ya jogoo mawili kila upande, matumbo yakitazamana, ncha zipite kidogo nyuma ya ndoano. Yafunge kwa nguvu. Yakikaa upande, fungua uanze upya, kwa sababu chambo kilichopinda hujizungusha majini na kusokota mshipi. Ongeza unyoya wa kanga kila shavu, kaza kichwa kwa uzi, kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi na uache ikauke.

7. Muone afisa uvuvi kuhusu leseni, na usiingie hifadhini Burigi-Chato na mshipi wako. Nenda kiangazi, Juni hadi Agosti, maji yakiwa yamepungua tope. Simama mbali na ukingo: mamba na viboko wamo. Tupa, kisha vuta kwa mivuto mifupi, chambo kionekane kama samaki mdogo aliyejeruhiwa.

Sasa sababu ya kubana kijino. Ningu, samaki mwingine wa huku, aliwahi kujaa katika mito iingiayo Ziwa Victoria, Kagera ukiwemo. Kila msimu wa mvua alipanda mtoni kutaga, na nyavu zikamsubiri mdomoni mwa mto, zikimkamata na mayai tumboni. Katikati ya karne ya 20 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Kuyu naye hupanda mito kutaga, njia ileile.

Wavu ukishakamata hauchagui. Ndoano moja isiyo na kijino hukuletea samaki mmoja mkononi, hai, nawe ukaamua. Ukiona tumbo limejaa mayai, lowesha mikono, mtoe ndoano taratibu, mrudishe. Mdogo naye mrudishe. Dume lililokomaa lipeleke nyumbani, likaliwe na ugali.

Kafunge chambo chako, na umfundishe na kijana mmoja wa kijijini kwako.