Betri na Wapagazi: Ainisho la Sola za Majumbani Katika Nchi ya Unyamwezi

Taaluma ya sola za majumbani mkoani Tabora ina upungufu wa aibu: haina ainisho. Ndege wa miombo wameshaainishwa, nyuki wameainishwa, na tumbaku haiingii sokoni kabla ya kupangwa madaraja. Lakini muulize fundi wa Isevya nyumba ya mzee fulani imefungwa sola ya aina gani. Atakujibu "kubwa", na akitaka kuwa makini zaidi, "ya kawaida". Kwa majibu hayo elimu haisogei. Makala haya yamekuja kuziba pengo, kwa data za uwandani zilizokusanywa barazani, kwa kinyozi na kwenye kibanda cha kuchajia simu, ambako watafitiwa walikubali kusema mambo ambayo mbele ya fundi wasingeyakiri.

Mkabala uliotumika ni Nadharia ya Msafara. Msomaji asidhani tumeichagua kwa sababu tu tuko Tabora. (Ndiyo sababu yenyewe, lakini nadharia nyingi zimezaliwa kwa sababu hafifu kuliko hiyo.) Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali walipopaita Kazeh, waliikuta njia kuu ya kutoka Bagamoyo ikigawanyika: tawi moja kwenda Ujiji, jingine kupanda Karagwe na Buganda. Karibu kila kilichopita kilipita begani au kichwani mwa mtu. Wanyamwezi, wapagazi mashuhuri kuliko wote katika njia hiyo, ikabidi waujue uhasibu wa mzigo: nani anabeba, anabeba kiasi gani, anapewa posho ipi, nani anatangulia na nani anatoza hongo njiani. Anayetaka kuvusha umeme kutoka magharibi hadi alfajiri ana maswali hayohayo, ila yeye huyauliza taa zikishazima.

Tuanze na mbebaji, yaani betri. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, takriban kilo 32, mbali na mkeka wake na chungu chake. Betri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200, ile inayoitwa N200 madukani, ina uzito wa karibu kilo 60. Kwa kipimo cha msafara huo ni mzigo wa mzega, watu wawili na mti mabegani, na wangenung'unika mpaka Ugogo. Kwenye karatasi betri hiyo ina wati-saa 2,400. Unazoweza kutumia kila siku bila kuifupishia maisha ni kama nusu yake, 1,200. Pasi ya wati 1,000 ikinyoosha sare za shule kwa nusu saa imeshakula 500, na jioni haijaanza, na mechi haijaanza.

Hapa nadharia yetu inafika penye kiini. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa ujira. Ukimzidishia mzigo aliutua chini. Ukimpunja posho aligoma, na ukimpuuza aliondoka usiku, asubuhi mwenye mali akabaki anayahesabu marobota ya nguo peke yake. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na hapa, miezi kadhaa mwaka 1872, jina lake linajulikana dunia nzima na safari imeshapangwa, lakini hakusogea mpaka Agosti, watu wa kumbebea walipofika kutoka pwani. Betri ya risasi haina haki hiyo. Ishushe kila usiku hadi volti 11, itabeba. Kesho itabeba pungufu kidogo, na keshokutwa pungufu tena, huku salfeti ikigandia kwenye sahani zake bila mtu kuona. Ukiiweka juu ya kabati chini ya bati, joto la Oktoba linamalizia kazi, kwa maana kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu. Mwisho haishiki chaji, na mwenye nyumba anatangaza mtaani kwamba ameuziwa feki. Feki zipo, hatukatai. Ila feki nyingi tulizoonyeshwa zilikuwa betri halali zilizobebeshwa mizega miaka miwili bila siku ya kupumzika.

Betri ya lithiamu ndiyo iliyourudisha mgomo. Ndani yake mna bodi ndogo ya ulinzi, na bodi hiyo ikiona mzigo umezidi au chaji imekwisha, inakata papo hapo, bila onyo, hata kama goli linaingia. Wamiliki wengi huita tabia hiyo ubovu. Sisi tunaiweka katika kundi la utu. Tatizo lake halisi liko kwingine: volti zake hazisemi ukweli. Risasi iliyopumzika ina 12.7 ikijaa na 12.2 ikifika nusu, kwa hiyo mwenye mita anaweza kuisoma. Lithiamu ya daraja la volti 12 hukaa kwenye 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya safari, kisha hudondoka ghafla karibu na mwisho. Inveta inayokadiria asilimia kwa kuangalia volti peke yake inabahatisha, ndiyo maana asilimia 60 hugeuka giza baada ya kikombe kimoja cha chai. Na betri ikishagoma hivyo, inveta nyingine huiona kama haipo na kukataa kuichaji. Inabidi iamshwe kwa chaja yake yenye volti sahihi. Tumesikia za namna hiyo zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu zikiwa zimelala tu.

Sasa nyumba zenyewe. Daraja la kwanza ni taa mbili tatu, redio na mlango wa kuchajia simu, zikilipiwa kidogokidogo kwa simu. Hitilafu zake ni za malipo, basi tunawaachia wachumi. Daraja la pili ni betri ya gari na inveta ndogo inayonguruma, makazi yake ya asili yakiwa kwa kinyozi. Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache gari liwake, kisha dainamo iijaze tena. Kuifanya inyoe vichwa kutwa nzima ni kumpa tarishi kazi ya mpagazi.

Daraja la tatu tumeliita sola ya tumbaku. Linapatikana Urambo, Kaliua na Sikonge, na huchipuka baada ya malipo ya masoko. Sifa yake bainifu ni kwamba hununuliwa kwa siku moja, kwa fedha taslimu, na kwa kuangalia ukubwa wa boksi. Matokeo yake ni inveta ya kVA 5, betri nne za N200 zilizoungwa kupata volti 48, na paneli mbili, kwa sababu fedha iliishia hapo. (Kama inveta ni ya zile zisizoanza kupokea jua chini ya volti 120, paneli mbili haziiamshi kabisa, na mjadala unafungwa mapema.)

Tufanye hesabu ya posho. Paneli mbili za wati 250, kwa saa tano hivi za jua kamili, hutoa wati-saa 2,500 kabla ya hasara za njiani. Inveta kubwa ya namna hiyo, ikiwa imewashwa tu bila kuwasha hata taa moja, hula wati 50 hivi. Kwa saa 24 ni 1,200. Hii ndiyo hongo. Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 angalau kila mtu alijua ni nani ameifunga na kwa nini, na Stanley akazunguka kusini. Inveta haitumi mjumbe. Inachukua karibu nusu ya kilichovunwa, betri nne zinagawana kilichobaki, na hakuna siku hata moja zinapojaa. Betri ya risasi isiyojaa inaoza kwa njia ileile ya ile inayokaushwa. Tiba ni kuongeza paneli kabla ya kitu kingine chochote, au kuizima inveta wakati wa kulala. Tiba inayotumika sana ni kununua betri ya tano, ambayo kwenye mfumo wa volti 48 haina hata mahali pa kuunganishwa.

Daraja la nne ni la mjini: Ng'ambo, Cheyo, Ipuli. Umeme wa Tanesco upo, mita ya Luku ya kulipia kabla ipo, na inveta imetundikwa ukutani sebuleni mahali ambapo zamani ilikaa picha ya harusi. Hapa ndipo tulipokuta hitilafu tunayoiona kuwa kuu kuliko zote, na tunaiandika kama tulivyoisikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, mlisema nikifunga sola nitapumzika na Luku. Mbona natia ya elfu kumi na inaisha siku zilezile?"

"Betri zinajaa, mama?"

"Zimejaa tangu mlipozifunga. Hazijawahi kupungua."

Betri zisizowahi kupungua ni dalili tosha. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, na mtu yeyote aliyempita alitozwa faini. Ndani ya inveta kirangozi ni mpangilio wa nani atangulie. Katika familia moja kubwa ya inveta, zinazotengenezwa Asia na kuuzwa kwa majina mengi, mpangilio huo ni programu namba 01, na kiwandani huwekwa umeme wa gridi utangulie. Maana yake nyumba inakula Luku mchana kutwa, paneli zinajaza betri zilizokwishajaa, na jua la Tabora linasubiri Tanesco wakate ndipo lipate kazi. Ukibadilisha uwe SBU, jua hutangulia, betri hufuata, gridi huja nyuma. Ni kubonyeza vitufe kwa dakika mbili.

Lakini kirangozi mpya huja na maswali yake. Programu 05 huuliza aina ya betri. Aliyefunga lithiamu akaiacha kwenye AGM, ambayo ni aina ya risasi, ameweka ratiba ya mlo wa mtu mwingine. Programu 02 huweka kiwango cha juu cha ampea za kuchaji, na mara nyingi huja ikiwa 60. Betri za risasi za N200 hupendelea kama sehemu ya kumi ya ukubwa wake, 20 hivi, na kuzilisha mara tatu ya hapo ni kuzichemsha. Programu 12 huamua betri ikichoka kiasi gani nyumba irudi Tanesco. Kiwandani ni volti 46, sawa na 11.5 kwa kila betri, na kwa risasi hapo ni kuchelewa mno. 48 ni ya huruma zaidi. Mafundi wengi hugusa ya kwanza na kuziacha nyingine, kwa hoja kwamba mteja hakulalamikia hizo.

Kuhusu paneli, kuna mgogoro wa kidhehebu. Wengine hushikilia zielekee kaskazini, wengine kusini, na tumeshuhudia ngazi ikihamishwa kwa hasira. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita juu ya utosi mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, katikati ya tarehe hizo likawa upande wa kusini, na miezi iliyobaki kaskazini. Kaskazini inashinda kwa pointi chache. Cha maana zaidi ni mwinamo wa nyuzi 10 au 15, mvua ipate kuosha vumbi. Adui wa kweli ni mwembe. Seli za paneli zimeungwa kwa mnyororo, kivuli cha tawi moja kikiziangukia chache huweza kuiondoa theluthi nzima ya paneli kazini, wakati mwingine zaidi. Na miembe ya hapa haikatwi kirahisi: mingi inatajwa kuwa kumbukumbu ya njia ya misafara, njia ambayo Tanzania iliipeleka kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Tunayo nyumba moja katika data zetu ambako historia huanza kuangukia paneli kuanzia saa nane mchana. Tumependekeza wahamishe paneli.

Vilio vya inveta za familia ile ni vitatu vikuu. Mlio mmoja kila sekunde pamoja na namba 04 ni betri inaisha. Mlio wa haraka, kila nusu sekunde, na namba 07, ni mzigo umezidi. Nenda jikoni, utakuta birika. Milio mitatu ndani ya sekunde moja na namba 01 ni feni imekwama, na huku kwetu jibu mara nyingi ni mjusi. Hupenda joto la ndani, huingia kwa matundu ya hewa, na akigusa bodi pabaya hufa yeye na inveta. Wavu mwembamba wa mbu juu ya matundu husaidia, mradi ufutwe vumbi. Kitambaa cha kudarizi, tulichokikuta mara nyingi mno, huzuia mjusi na hewa kwa pamoja.

Limebaki kundi la hitilafu zisizokuwepo. Swichi ya paneli imezimwa na mtoto, au na aliyekuwa akifuta vumbi, na nyumba nzima inaamini sola imekufa. Fundi mzoefu huiona akiwa bado mlangoni. Haigusi. Anaomba stuli, anafungua mfuniko, anapima volti za kila betri na kuziandika kwenye kiganja, anauliza zilinunuliwa mwaka gani, anaomba maji ya kunywa, anakaza nati mbili. Ndipo anaiwasha swichi huku akiizuia kwa mgongo. Mtafitiwa wetu mmoja alieleza utaratibu huo bila haya: akiiwasha anapoingia tu hupewa nauli, akiiwasha baada ya nusu saa hulipwa ufundi. Tulikagua kazi yake baadaye. Nati zote mbili zilikuwa zimelegea kweli, na moja ilishaanza kuunguza waya.