Mshauri wa Karakana: Lifti ya Ruta na Wanaoihangaikia

Lifti ya ruta ni kifaa kinachofungwa chini ya meza ya ruta ili kuipandisha na kuishusha mota inayozungusha kisu cha kuchongea mbao, bila fundi kupiga magoti. Kazi yake ni moja: kisu kitokeze juu ya meza kwa urefu unaotakiwa, kisiyumbe pembeni, na kikishawekwa kibaki hapo. Lifti ina sehemu nne: bamba linalolingana na uso wa meza, nguzo za chuma za kutelezea, skrubu ndefu yenye hesi inayosukuma kishikio cha mota, na kufuli ya kukaza. Mkono wa kuzungushia huingizwa kutoka juu, kupitia tundu la bamba. Barua za wasomaji zimepangwa hapa kwa utaratibu wa ununuzi, si kwa ukali wa kilio.

Mke wa Fundi, Tabata

Mumewe hushinda Jumamosi nzima amepiga magoti chini ya meza. Mwanzoni mke alidhani amezidisha ibada. Sasa mume anadai dawa ya magoti hayo ni lifti, na mke anauliza kama dawa hiyo ipo kweli.

Ipo, lakini kwa ugonjwa maalumu. Anayechimba mfereji mmoja wa urefu uleule kutwa nzima hahitaji lifti. Akishaweka kisu asubuhi, amemaliza. Lifti humfaa anayebadilisha urefu mara kwa mara: mtengeneza milango ya paneli, anayekata ndimi za maungio, anayechonga nakshi za kingo kwa visu viwili au vitatu mfululizo. Humfaa zaidi anayekata mbao ngumu kama mkongo au mninga, ambazo hutaka kina kifikiwe kwa awamu, pengine milimita 3 kila mara. Bila lifti, fundi huchoka kuinama na kuishia kukata yote kwa pigo moja, na hapo ndipo mbao huchanika na visu huungua. Kwa hiyo swali la mke huyu lina jibu kwenye kazi za mumewe. Kama katika miezi sita ametengeneza kigoda kimoja tu, na hicho bado hakijapigwa vanishi, magoti yake yanahitaji mto.

Nimpendaye Hafungiki, Kariakoo

Ana ruta ya kuzamisha aliyoizoea kwa miaka. Kila lifti anayoiona inadai mota itolewe kwenye kitako, na ya kwake haitoki. Anauliza kama penzi hili lina mustakabali.

Ruta ziko za aina mbili. Ile ya kitako kisichozama ina mota ya mviringo inayochomoka yote, na lifti nyingi zimeundwa kuibana mota hiyo. Ile ya kuzamisha hupanda na kushuka juu ya nguzo mbili zilizoungana na mwili wake, kwa hiyo kwa kawaida mota haichomoki. Mwenye ruta ya kuzamisha ana njia tatu. Ya kwanza ni kuifunga pamoja na kitako chake chini ya bamba na kuisukuma kwa jeki. Springi zake hutolewa kwanza, kwa kuwa ruta ikipinduliwa springi husukuma mota kwenda chini, upande uleule inakovutwa na uzito wake, na ruta kubwa ina kilo 6 hivi. Ya pili ni kununua ruta yenye lifti ndani yake. Triton TRA001, ambayo kwa umeme wa volti 230 ina wati 2,400, hupandishwa kwa mkono unaopita kwenye tundu la bamba, na ikifika juu kabisa ekseli hujifunga ili kisu kibadilishwe kwa spana moja. Ya tatu ni kuiacha ruta ya zamani iendelee na kazi za mkononi, na kutafuta mota ya mviringo ya kukaa mezani. Mwenye nafasi ya kununua ruta mbili hupata raha zaidi kwa njia hii, maana hafungui ruta kila anapotaka kuitumia nje ya meza.

Zawadi Imekwama, Kinondoni

Shemeji yake aliyeko Marekani amemletea lifti. Ruta aliyonayo inachezacheza ndani ya kishikio kama kokwa ndani ya kibuyu, na bamba haliingii kwenye tundu la meza. Shemeji ameahidi kuleta na ruta pia. Msomaji anaogopa kusema asante mapema.

Mota za ruta hazina kipenyo kimoja. Porter-Cable 7518, ambayo lifti nyingi za Amerika ya Kaskazini ziliundwa kwa ajili yake, ina mota ya inchi 4.2, yaani milimita 107 hivi. Ruta za wastani kama Porter-Cable 690 zina inchi 3.5, sawa na milimita 89. Ruta ndogo za kupunguzia kingo, kama Makita RT0700C, zina milimita 65. Kishikio kipana huweza kupunguzwa kwa pete iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kishikio chembamba hakipanuliwi. Kufunga mota kwa vipande vya bati au mpira ni hatari, kwa sababu mtikisiko huvilegeza kidogo kidogo. Kanuni ni kupima mota kwa kalipa kabla ya kuagiza lifti.

Bamba nalo lina vipimo vyake. Kilichoenea Amerika ya Kaskazini ni milimita 235 kwa 298, unene milimita 9.5, na kipo kingine cha milimita 210 kwa 298. Tundu la meza hukatwa bamba likiwa mkononi, pembe zake zikiigwa kwa kielelezo.

Kuhusu ruta iliyoahidiwa, lifti ya mkono haina umeme, kwa hiyo huweza kutoka nchi yoyote. Ruta haiwezi. Ruta ya Marekani ni ya volti 120, na soketi za Tanzania hutoa 230. Ikichomekwa moja kwa moja huungua. Mota za brashi za kaboni hazibabaishwi na tofauti ya hezi 50 na 60, lakini volti lazima zipunguzwe kwa transfoma. Ruta ya ampea 15 kwa volti 120 hula wati 1,800, kwa hiyo transfoma inayoiendesha bila kuchemka huwa kubwa, nzito na ya gharama. Shemeji anaweza kuombwa alete visu badala ya ruta.

Meza Imenama, Morogoro

Amefunga lifti nzuri kwenye ubao mmoja wa plaiwudi. Sasa katikati ya meza pana bonde, na mifereji yake ina kina kirefu mwanzoni na mwishoni, kifupi katikati.

Lifti, bamba na mota kwa pamoja huweza kupita kilo 10, na uzito huo huning'inia katikati ya meza mchana na usiku. Meza hutengenezwa kwa tabaka mbili za plaiwudi au MDF za milimita 18, zilizogundishwa na kubandikwa fomika juu na chini. Fomika ya upande mmoja tu huikunja meza, kwa sababu unyevu huingia upande mmoja kuliko mwingine. Chini yake huwekwa mbao za kuikaza kwa kusimamisha ukingo. Bamba hukalia kingo za tundu kwa skrubu ndogo za kusawazisha, na usawa hupimwa kwa rula ya chuma iliyosimamishwa kwa ukingo wake, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Bamba la alumini huhimili mota kubwa bila kubonyea. La plastiki nyembamba huifaa ruta ndogo tu. Bamba linalofaa huja pia na pete za kupunguza tundu linalozunguka kisu, maana tundu pana hunasa ncha ya kipande kifupi cha mbao.

Mpenda Vipimo, Thika

Jirani yake ana lifti inayosoma sehemu ya elfu moja ya inchi. Yeye ana inayosoma sehemu ya kumi ya milimita, na tangu ajue hilo hapati usingizi.

Usahihi wa lifti hutoka kwenye hesi za skrubu. Skrubu ya M10 yenye hesi za kawaida husogea milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja. Ya M12 husogea 1.75. Kwa skrubu ya M10, sehemu ya kumi ya milimita ni kuzungusha nyuzi 24 tu, jambo ambalo mkono wa kawaida huliweza. Ubao wenyewe hutanuka na kunywea kwa zaidi ya hapo kati ya masika na kiangazi.

Yenye uzito zaidi ni mambo matatu ambayo tangazo la duka halikawii kuyaruka. La kwanza ni mchezo kati ya skrubu na nati yake: urefu huwekwa kwa kushusha kisu kupita alama, kisha kukipandisha hadi penyewe, ili mchezo uishie upande mmoja daima. La pili ni kufuli: ikikazwa, kisu hakitakiwi kupanda wala kushuka hata kidogo. La tatu ni kuyumba. Hupimwa dukani, ruta ikiwa haijachomekwa, kwa kuishika koleti, yaani sehemu inayobana shina la kisu, na kuisukuma huku na huku. Lifti inayotikisika chini ya kidole itatikisika zaidi chini ya mninga. Alama za kipimo huanza upya kila kisu kinapobadilishwa, na mkato wa kwanza hufanywa kwenye kipande cha kutupa, ukapimwa kwa kalipa.

Mfuko Umetoboka, Mwanza

Ameona kuwa lifti nzuri za Marekani kwa kawaida huuzwa kwa mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru. Anauliza kama jeki ya gari si lifti pia.

Ni lifti, na mafundi wengi wameifanya hivyo. Jeki ya mkasi huwekwa chini ya ruta ya kuzamisha iliyofungwa mezani na kutolewa springi, na nguzo za ruta yenyewe zikawa ndizo reli. Mpango huu ni wa bei nafuu na huinua vizuri. Kasoro yake ni kwamba jeki ya mkasi haisogei sawa katika kila mzunguko, kwa hiyo urefu hupimwa juu ya meza kila mara. Anayetaka kuibana mota ya mviringo hutengeneza kishikio cha mbao ngumu kinachoteleza juu ya mabomba mawili ya chuma, katikati kukiwa na nondo ya hesi na nati iliyozamishwa. Mabomba hayo hukaa sambamba kabisa, la sivyo kishikio hukwama njiani. Kufuli haiachwi kwa kisingizio cha umaskini. Na kabla ya kazi kuanza, koleti inatakiwa ifike juu ya uso wa meza. Lifti inayomlazimisha fundi kubadilisha kisu kutoka chini imeyarudisha magoti palepale.

Jirani Anakohoa, Nakuru

Jirani amepeleka malalamiko kwa mwenye nyumba kwa sababu ya vumbi. Isitoshe, juzi umeme ulikatika, ukarudi usiku, na ruta ikaanza kunguruma peke yake gizani. Familia ilikimbilia uani.

Ruta ya mezani hukaa chini ya kisu chake, kwa hiyo unga wa mbao huidondokea. Sanduku la kuizunguka mota, lenye tundu la hewa na bomba la mashine ya kunyonya vumbi, huzuia unga kusambaa. Bomba la pili huwekwa nyuma ya kisu, juu ya meza. Mwaka 1995 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, iliuweka unga wa mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na unga wa mvule hujulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu. Jirani ana hoja, na fundi anavuta zaidi kuliko jirani.

Ruta iliyofungwa kwenye lifti huachwa swichi yake ikiwa imewashwa, ikaongozwa na swichi ya meza. Swichi hiyo lazima iwe ya aina inayojizima umeme unapokatika na isiyowaka tena hadi ibonyezwe. Panapokatika umeme mara kwa mara, swichi hii hununuliwa kabla ya lifti.

Kisu Kinapiga Mayowe, Mombasa

Amenunua lifti ya bei kubwa kuliko zote dukani, lakini kisu chake cha paneli kinapiga mayowe na mbao zinaungua. Anataka kuirudisha.

Lifti haina hatia. Kisu cha kipenyo cha milimita 90 kwa mizunguko 22,000 kwa dakika hupeleka ncha zake kwa kasi ya kilomita 370 hivi kwa saa. Kikishushwa hadi mizunguko 10,000, kasi huwa kilomita 170. Visu vikubwa hutaka ruta yenye nguvu na yenye kubadilisha kasi. Ruta isiyobadilisha haiviwezi, hata ikikalia lifti ya dhahabu. Shina la kisu huingizwa hadi chini ya koleti, kisha hurudishwa milimita 2 au 3 kabla ya kukazwa. Shina la milimita 12 halifungwi kwenye koleti ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, wala la 6 kwenye ya robo inchi. Ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, dhidi ya mzunguko wa kisu, na kamwe haupitishwi kati ya kisu na ubao wa kuongozea. Tiki ina silika na mvule huweza kuficha vijiwe, kwa hiyo visu vya kabaidi hupendelewa, navyo hunolewa kabla havijaanza kuchoma.

Imekuwa Ngumu, Arusha

Lifti yake ilikuwa laini, sasa mkono unakwama. Aliipaka mafuta mengi ya injini, ikazidi kununa.

Mafuta mazito hukamata unga wa mbao na kuugeuza uji ndani ya hesi. Skrubu na nguzo husuguliwa kwa brashi kavu, zikafutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, zikaachwa zikauke mbali na moto, kisha zikapakwa nta kidogo. Kufuli hulegezwa kabla ya kuzungusha. Lifti nyingi zinazodaiwa kukwama zimefungwa tu.