Muulize Shangazi: Sato wa Pointi Moja

Safu ya ushauri kwa wenye shida za kweli na za kujitakia. Wiki hii bahasha zimejaa harufu ya samaki: watu wetu wa machimboni wamevuna, wamekwenda kula kando ya maji, wamerudi na maswali.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mchimbaji hapa Mwakitolyo Namba 5. Duara letu lilitema dhahabu, nikapata mgawo wa maana, nikamchukua mchumba wangu hadi Mwanza, kwenye mgahawa mmoja wa Capri Point ambao meza zimekaa juu ya maji kabisa. Nikaletewa menyu kubwa kama daftari la mahudhurio. Ugali hauonekani. Nikaona aibu kuuliza, nikaweka kidole mstari wa katikati. Kikaja kipande cha sangara kisichozidi kiganja, majani mawili, na mchuzi uliochorwa pembeni kama saini ya hakimu. Bili ilipofika nilihisi nimeangukiwa na kifusi. Mchumba anasema hajawahi kufurahi vile. Je, nimeibiwa?*
*Mwenye Njaa*

Marahaba, mwanangu. Hujaibiwa. Umenunua kitu bila kuuliza bei, jambo ambalo hapa nyumbani usingelifanya hata kwa kiroba kimoja cha mawe. Broka akitoa mzani unamkazia macho, unataka urudishwe sifuri mara mbili, unabishania pointi moja ya dhahabu mpaka jua linazama. Lakini kijana mwenye tai nyeusi akikupa menyu, unageuka bubu.

Sasa sikiliza ulichokula. Sangara si mwenyeji wa ziwa lile. Aliletwa na binadamu miaka ya 1950, akawamaliza wenzake wengi, na leo minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya. Mkubwa wake anapita kilo 100. Kilicho ghali zaidi ndani yake ni bondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni, ambalo linasafirishwa hadi China kwa bei ya kukufanya uifikirie upya sururu yako. Bondo linatolewa mapema kabisa, mpishi hata halioni. Kwa lugha yetu, wewe uliandaliwa marudio, mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu.

Hela yako imekwenda kwenye maji, ya kutazama. Jua likishuka ziwani, Kisiwa cha Saanane pale mbele, upepo, kitambaa cha meza, mshumaa: hivyo ndivyo vinavyopikwa pale, samaki anasindikiza tu. Maji hayohayo yanasukumwa kwa bomba kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga tangu 2009, ila huku hakuna aliyewahi kuweka meza na mshumaa mbele ya bomba. Kama mchumba wako alifurahi, basi bidhaa ilifika. Wewe ndiye uliyekwenda na tumbo mahali pa macho.

Safari ijayo kula kwanza michembe nyumbani, halafu ukifika uliza kwa sauti ya kawaida, "Ugali upo?" Hauandikwi kwenye menyu lakini mara nyingi upo, kwa sababu wapishi nao wanakula. Agiza sato mzima wa kukaanga, achana na minofu. Sato mzima hana siri: kichwa hiki, mkia huu, ukubwa unauona kabla hujamgusa. Omba maji unawe, tumia mkono. Anza na shavu, kile kinyama kidogo chini ya jicho ambacho wasiojua wanakiacha kirudi jikoni. Shuka na mgongo, ondoa nyama ya juu yote, kisha shika mkia uinue uti mzima kwa mara moja. Upande wa chini unabaki umelala mweupe, bila mfupa. Bwana wa meza ya pili mwenye uma na kisu atakuwa bado anapigana na miiba.

Na ile asilimia 18 uliyoizungushia kalamu kwenye bili uliyonitumia ni kodi ya ongezeko la thamani. Kabla hujaagiza, soma maandishi madogo chini ya menyu: kama yanasema bei zina kodi ndani, haiongezwi tena mwishoni. Ikiongezwa, mwite mhudumu taratibu, bila kupiga meza. Na dai risiti ya mashine.

*Shangazi, mimi natoka Geita. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 nafika Mwanza haraka mno, matope ya mwaloni yakiwa bado mabichi kwenye viatu. Zamani yalikaukia kwenye foleni ya kivuko. Je, naweza kuingia mgahawani na gambuti?*

Daraja lina kilomita 3 na wewe unakosa dakika ya kubadili viatu? Beba ndala.

*Shangazi, mimi ni mama wa karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, mjane, nina watoto watatu. Mnunuzi mmoja wa dhahabu anataka kunitumia nauli nimfuate Dar es Salaam, akanilishe kwenye mgahawa wa baharini kule Masaki. Nifundishe adabu za mezani.*

Dada yangu, adabu ya kwanza ni nauli ya kurudi. Iwe ya kwako, uifunge kwenye khanga, wala asijue ipo. Ya pili, mwambie mkutane kwanza Coco Beach Jumapili jioni, mle mihogo ya kukaanga na kachumbari, pilipili kwa wingi. Bahari ni ileile. Mtu atakayekunja uso kwa mihogo njaa yake haikuwa ya chakula, na wewe utakuwa umeijua mapema ukiwa katikati ya watu wengi. Akikaa, akacheka, akajipaka pilipili mpaka puani, nenda naye Masaki. Agiza pweza wa nazi. Kisu kinakaa kulia. Usimuuzie dhahabu siku hiyo.

*Shangazi, mimi ni mhudumu Mwanza. Wachimbaji wenu wakija wananunulia ukumbi mzima bia, mimi wananiita bosi. Juzi mmoja alitaka kulipa kwa kipande cha dhahabu alichokifunga kwenye kipande cha gazeti. Nifanyeje?*

Kirudishe haraka. Tangu 2019 tuna masoko ya madini. Dhahabu inauzwa huko, serikali inachukua mrabaha wake asilimia 6 na ukaguzi asilimia 1, kila mtu anaondoka na karatasi yake. Ukikipokea kwenye trei umekuwa mnunuzi asiye na leseni, na aproni haitakutetea polisi. Halafu utakijuaje? Shaba nayo inang'aa kwenye mshumaa.

Kuhusu bia za ukumbi mzima, mvumilie. Mtu aliyekaa miezi chini ya ardhi akisikiliza matimba, magogo yanayozuia shimo lisiporomoke, yakilia juu ya kichwa chake ana haki ya usiku mmoja wa kuitwa mheshimiwa. Ila mpelekee bili kila baada ya raundi mbili, imechapwa, aione akiwa bado anaweza kusoma. Hela ya soda nayo ichukue mapema. Atakayoitoa saa saba usiku atakuja kuidai saa mbili asubuhi, mbele ya meneja wako.

*Shangazi, tulikaa meza ya nje kabisa. Sato ametua tu mezani, mwewe akashuka, akaondoka na nusu nzima, upande wa kichwa. Mhudumu anasema tulipe samaki kamili. Ni haki hiyo?*
*Mashavu Yamekwenda*

Lipa, mwanangu. Meza ya nje inatozwa kwa mandhari, na mwewe yumo.